Bibi Harusi Niliyemuaga

Niliingia kwenye kazi ya rasilimali watu kwa sababu shule ilipunguza vipindi vya Kiswahili. Sababu nyingine sina. Watu wanaosema kazi hiyo ilikuwa ikiwaita tangu utotoni nawaheshimu, lakini siwaelewi. Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili kwenye shule moja ya sekondari upande wa Remera. Mkataba ukaisha, mkuu wa shule akanipa mkono na soda baridi, nikarudi chumbani kwangu Kabeza nikakaa kitandani na viatu miguuni mpaka giza likaingia.

Nyumbani ni Kigali, ndivyo wazazi wangu walivyotufundisha kusema tangu tukiwa wadogo kule Mwanza. Walilisema neno hilo, nyumbani, kama wengine wanavyosema peponi. Kisha wao wenyewe wakabaki Mwanza na duka lao na wajukuu wao, na mimi niliyewaamini nikarudi peke yangu. Nilirudi na Kinyarwanda cha jikoni: chumvi iko wapi, funga mlango, usimjibu baba yako hivyo. Hapa mjini nikifungua mdomo, kabla sijamaliza sentensi mtu ananiuliza kwa upole, "Wewe umekulia Tanzania, eeh?" Hana ubaya. Lakini ukiulizwa hivyo sokoni, kanisani, kwa muuza mkaa na kwa daktari wa meno, unaanza kunyamaza.

Tangazo la kazi nililiona kwenye simu. Karakana ya kushona sare za shule, Gikondo, ilikuwa inatafuta mtu wa kushughulika na wafanyakazi. Karakana yenyewe imebanwa kati ya gereji na ghala, na nyuma yake kuna kanisa ambalo kwaya yake hufanya mazoezi mchana, kwa hiyo usaili wangu ulifanyika huku mtu akigonga bodi ya gari upande mmoja na sauti za soprano zikipanda upande wa pili.

Mkurugenzi alikuwa Mnyarwanda aliyekulia Kampala, mtu wa haraka, simu mbili mezani.

"Umewahi kufanya kazi hii?" akauliza.

"Hapana."

"Umeisomea?"

"Nimesomea ualimu."

"Sasa umekuja kufanya nini hapa?"

Hasira zangu huwa hazikai mbali. Nilimwambia kwamba nimesimama mbele ya watoto wa miaka kumi na mitano, saa za mchana, matumbo yamejaa maharagwe, nikawafundisha kauli za vitenzi, na hakuna aliyetoka kabla ya kengele. Kama yeye anaweza, nikasema, aende akajaribu. Nilikuwa nimeshaanza kuokota mkoba wangu. Mkurugenzi akacheka mpaka akafuta macho, akaniambia nianze Jumatatu, majaribio ya miezi mitatu, tutaona.

Hakuna aliyenikabidhi kazi. Aliyenitangulia alikuwa ameondoka ghafla, akaacha mashine ya kubana karatasi isiyobana na kalenda ya benki. Nilijifunza kwa kutazama video usiku kucha, mabwana waliovaa suti wakieleza jinsi ya kumkaribisha mfanyakazi, jinsi ya kumwonya mfanyakazi, jinsi ya kuachana na mfanyakazi bila kumvunjia heshima. Hiyo ya mwisho niliirukaruka. Nikasimama mbele ya kioo nikajifunza kusema "karibu, keti" bila sauti ya mwalimu. Sikufanikiwa. Mtu akiketi mbele yangu nilikuwa bado natamani kumuuliza daftari lake liko wapi.

Ofisi yangu ilikuwa juu, ngazi chache kutoka ukumbi wa mashine, na dirisha lake la kioo linatazama chini. Kutoka pale niliona kila kitu na sikusikia chochote. Wanawake walikuwa wakishona na kuongea, wakishona na kucheka, mtu anaegemea bega la mwenzake kwa kicheko. Kila nilipokuwa nikishuka ngazi, maneno yanakatika. Hawakunichukia, nataka nieleweke. Walinisalimia vizuri mno, kwa mikono miwili, wakasubiri nipite. Hata jina langu hawakulitumia. Waliniita Madamu Eichari, herufi mbili za Kiingereza, HR, zilizobandikwa kwenye mlango wangu, wakazigeuza kuwa mtu.

Chakula cha mchana kilikuwa wali, ndizi, maharagwe na mboga za dodo, vyote kwenye sahani moja, tunakula kwenye mabenchi uani. Siku za kwanza nilikwenda nikakaa katikati ya watu. Wakanipisha. Wakaendelea kunipisha mpaka benchi zima likawa langu. Nikaanza kushuka mwishoni, watu wakishamaliza, nikila haraka kama mtu anayeiba. Mama alikuwa akipiga simu kila Jumapili na kuniuliza kama nimepata watu. Hivyo ndivyo alivyosema: umepata watu? Nilimjibu kwamba kazi yangu yenyewe ni watu, mama, nina watu mpaka basi. Akafurahi. Nikikata simu naona ukuta, na juu ya ukuta kuna kivuli cha nguo zangu zilizoanikwa ndani.

Nilikuwa mpweke. Najua lilivyo jepesi neno hilo kwenye karatasi. Upweke wangu wa Kigali ulinifanya nimsalimie mashine ya kutolea pesa.

Ilipofika Agosti, maagizo ya sare yakamiminika, maana shule hufunguliwa Septemba na kila mzazi hukumbuka sketi ya mwanawe wiki ya mwisho. Mkurugenzi akawa hakamatiki. Kilichokuwa kinamchoma ni watu kuondoka bila kuaga. Leo mtu yuko kwenye mashine, kesho mashine imefunikwa kitambaa, unasikia yuko karakana ya jirani. Akanipandia ofisini akasimama mlangoni.

"Sikiliza, mwalimu," akasema. "Sitaki nijue mtu ameondoka. Nataka nijue anataka kuondoka. Ukiniletea hata mmoja kabla hajaenda, nitajua nina mtu wa kazi hii. Usiponiletea, miezi yako mitatu inaisha, na sisi tunaachana vizuri."

Toka siku ile nikawa natembea ukumbini kama askari wa forodha, nikitafuta nani ana uso wa kuondoka. Nani anaongea na simu pembeni? Nani amevaa vizuri kuliko kawaida? Kila mtu alionekana kwangu kama anayeondoka, kwa sababu kila nilipomtazama mtu, aligeuza uso.

Kisha Jumatatu moja mlango ukagongwa. Alikuwa msichana wa mashine ya vifungo. Ilikuwepo mashine moja tu ya kutoboa matundu ya vifungo na yeye ndiye aliyeiweza, msichana mwembamba mwenye sauti ya chini, ambaye hakuwa amewahi kupanda ngazi zile. Nikamwambia karibu, keti. Akaketi kwenye ukingo wa kiti. Alikuwa anatabasamu na kutazama mikono yake.

"Madamu," akasema kwa Kinyarwanda, "nimekuja kukuambia kwamba Alhamisi nzasezerana."

Sasa hapa lazima nieleze kilichotokea kichwani mwangu, kwa sababu kilitokea kwa sekunde moja na kwa kujiamini kukubwa. Gusezera nilikuwa nalijua. Mama alilitumia tangu nikiwa mtoto: nenda ukamsezere bibi. Kuaga. Na huo mwisho wake wa "-ana" ndiyo kauli ya kutendana, kauli niliyoifundisha ubaoni kwa miaka mitatu: piga, pigana, penda, pendana, aga, agana. Nzasezerana, nitaagana. Alhamisi msichana huyu anaagana nasi. Moyo ukaruka kwa furaha, Mungu anisamehe. Nimempata mmoja kabla hajaenda.

"Umefanya vizuri sana kuja kuniambia," nikasema.

Akatabasamu zaidi. "Niliona si vizuri usikie kwa watu."

"Mmeamua kabisa?" Nilisema "mmeamua" kwa heshima, kumbe nikawa nimepatia.

"Kabisa. Tumesubiri muda mrefu."

Nikadhani anamaanisha yeye na familia yake wamesubiri kazi nzuri zaidi. "Na mahali pameshapatikana?"

"Ndiyo. Ku murenge."

Murenge ni ofisi ya kata, penye watumishi, mihuri na bendera. Nikajua basi: amepata kazi serikalini. Nikaona wivu kidogo. Hata huyu wa vifungo amepata watu wa kwenda kukaa nao, mimi nabaki na kioo changu. Nikamkazia macho ya huruma niliyoyaona kwenye video.

"Usiwe na wasiwasi kuhusu mashine," nikamwambia. "Tutamtafuta mtu."

Akanishukuru kwa kumfikiria. Alidhani nampa mapumziko ya siku mbili tatu. Akafungua mdomo kutaka kuongeza jambo, na mimi, kwa kuwa video zilisema mazungumzo ya namna hii yasirefushwe, nikasimama nikampa mkono na kumtakia kila la heri. Akatoka taratibu, akageuka mlangoni mara moja, akashuka.

Nilipompelekea habari, mkurugenzi alinipigia makofi. Kweli, alipiga makofi pale ofisini kwake peke yake. Akaniambia nilete mwingine wa kushika mashine ile kabla ya Alhamisi.

Jumanne asubuhi getini palikuwa na wanawake watatu wanatafuta kazi, kama ilivyokuwa kawaida msimu ule. Nikawauliza kwa Kinyarwanda changu nani anaijua mashine ya vifungo. Mmoja akajibu kwa Kiswahili, Kiswahili cha ziwani, cha kwetu kabisa: "Mimi naijua, dada. Nimeifanyia kazi Bukoba." Nikamsikia nikajisikia kama mtu aliyevuliwa viatu vya kubana. Wale wawili nao huenda walikuwa wazuri. Sikuwauliza zaidi.

Jumatano akaanza. Msimamizi wa ukumbi akamweka kwenye mashine, na yule msichana wa vifungo akapelekwa meza ya kukata nyuzi kwa siku zake zilizobaki, kama tulivyoamini. Nilimwona kupitia kioo akikata nyuzi huku ameinamisha kichwa. Nikasema ni huzuni ya kuondoka, ni kawaida.

Mchana nikashuka uani mwishoni kama desturi yangu. Yule mgeni alikuwa bado anakula, peke yake pia. Aliponiona akasogea kunipa nafasi, lakini hakuondoka.

"Kaa hapa, dada, kuna kivuli," akasema.

Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba na Eichari hukai. Nikakaa. Tukaanza na samaki, maana watu wa ziwa wakikutana mbali lazima waanze na samaki: nani anajua kukaanga sato hapa, hakuna, wanamkausha mpaka analia. Akaniuliza nakaa wapi, na nani. Nikasema peke yangu. Akasema yeye anakaa kwa shangazi, wanalala watu saba, na bado anajisikia yuko peke yake, kwa sababu wote wanaongea haraka na yeye anacheka wenzake wakishamaliza kucheka. Nilicheka mpaka wali ukanipalia. Akanipigapiga mgongoni. Akaona ndizi zangu nimeziacha, akazihamisha kwenye sahani yake bila kuomba, akaniwekea maharagwe yake. Hakuna mtu aliyekuwa amegusa sahani yangu tangu nihamie Kigali. Nilirudi ofisini nikiwa mwepesi, nikafanya kazi ya alasiri nzima kwa muda mfupi.

Saa tisa na kitu akapanda fundi wa kukata. Alikuwa mzee wa Nyamirambo, Mwislamu, mtaratibu, mtu anayetumia Kiswahili chake cha Kigali kwangu kama zawadi. Hakuketi.

"Madamu, iko kitu moja nauliza. Hapa kwetu kuolewa iko makosa?"

"Kuolewa? Hapana, mzee. Kwa nini?"

"Basi ule mtoto wa vifungo munamufukuza juu ya nini? Anaria kule chini. Watu wanasema, Eichari hataki bibi harusi, ati kesho ni mimba, kesho kutwa ni likizo. Mimi nikasema hapana, nitauliza."

"Mzee, hakuna aliyemfukuza. Yeye ndiye aliyekuja kuaga. Alisema Alhamisi anasezerana."

Fundi akanitazama. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Anasezerana ku murenge," akasema polepole, kama anayeongea na mtoto wa shule. "Na bwana yake. Wanashika bendera, wanaapa. Serikali inawaandika. Ndoa, madamu."

Kwetu Mwanza ndoa zote zilifungwa kwa Kiswahili. Hata wazazi wangu, wakizungumzia ndoa, walibadili lugha bila kujua. Neno la kuapishana halikuwahi kuvuka mpaka likafika jikoni kwetu. Nilimshukuru mzee, nikashuka ngazi.

Nikasimama kwenye meza ya kukatia, na ukumbi ukanyamaza kama kawaida yake. Nikawaeleza kwa Kinyarwanda changu cha chumvi na milango. Nikasema sikumfukuza mtu. Nikasema nilidhani anaagana nasi. Nikasema nilidhani amepata kazi ofisi ya kata. Kisha mama mmoja kutoka meza ya kola akauliza, "Yaani wewe ulidhani anakwenda ku murenge kuajiriwa?" Nikasema ndiyo. Akapiga paja. Ukumbi mzima ukapasuka. Walicheka wakainamia mashine zao, wakarudiana sentensi zangu, wakacheka upya, na yule msichana mwenyewe akacheka na machozi yake bado usoni, akaja akanikumbatia.

"Na ile siku nilikuwa sijamaliza," akaniambia. "Nilikuwa nimekuja kukualika."

Katika karakana ile hakuna aliyekuwa amenialika hata chai. Nikamwambia nitakuja, nitakuja kabisa, na nikaanza kucheka na mimi, nikazungusha macho nikiwatazama wote wanavyonicheka, ndipo nikamwona yule wa Bukoba. Alikuwa kwenye mashine ya vifungo, mikono mapajani. Safari hii hakuwa amechelewa kuelewa. Alikuwa ameelewa kabla yangu.

Nilimpigia simu mkurugenzi nikamweleza yote, nikamwomba abaki na wote wawili. Akasema mashine ni moja. Nikasema kuna meza ya nyuzi. Akasema meza ya nyuzi imejaa, na hilo nilikuwa nalijua. Nikasema basi kosa ni langu, anifukuze mimi.

"Mwalimu," akasema, "usinipigie kelele. Wewe ndiye uliyemleta, wewe ndiye utakayemwambia. Ukimaliza, njoo tuzungumze mkataba. Kazi yenyewe ndiyo hiyo."

Alhamisi nilivaa gauni langu la kanisani, kwa ajili ya murenge. Meza ya nyuzi na meza ya kola walikuwa wamepewa ruhusa ya asubuhi, ukumbi ulikuwa mtupu nusu, na kwaya haikuwa imeanza. Nilipanga kumwambia yule wa Bukoba mapema, dakika chache, kisha nichukue moto, pikipiki ya abiria, niwahi wenzangu. Alikuja kabla ya wakati. Nikamwambia karibu, keti, na sauti ya mwalimu haikuwepo, nilikuwa nimeshaimaliza.

Nilianza kama mabwana wa video: uongozi umeamua. Nikaacha. Nikamwambia kwamba nilielewa neno vibaya, kwamba mwenye mashine haondoki, na kwamba nafasi niliyompa haikuwepo.

"Kazi yangu ilikuwa mbaya?" akauliza.

"Hapana. Ilikuwa nzuri."

"Nilichelewa?"

"Hukuchelewa."

Akawa anafikiri, anatafuta alipokosea, na mimi niliyejua hakukosea mahali popote nilishindwa kumsaidia kutafuta. Saa ya ukutani ilinionyesha kwamba ku murenge wameshaanza kupanga mstari. Sikuinuka. Mwishowe akanitazama usoni, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia.

"Lakini dada," akasema, "jana si tulikula pamoja?"

"Ndiyo," nikamjibu. "Tulikula."